Bakteria wa samaki anayeleta vidonda vya ngozi kwa binadamu

Mycobacterium marinum ni aina ya bakteria anayeishi katika maji ya chumvi na maji baridi, na ambaye husababisha ugonjwa kwa samaki na kwa binadamu. Ni ndugu wa karibu wa bakteria wa kifua kikuu.

Bakteria huyo alielezwa mwaka 1926 na mtafiti Joseph Aronson, aliyemkuta katika samaki wa baharini waliokufa kwenye mahodhi ya maonyesho mjini Philadelphia, Marekani. Mwaka 1951 ilithibitika kuwa huambukiza pia binadamu, baada ya waogeleaji wa bwawa moja nchini Sweden kupata vidonda vya ngozi.

Samaki aliyeambukizwa hukonda, hupoteza magamba na kutokwa na vidonda. Akipasuliwa, huonekana vinundu vyeupe au vya kijivu katika ini, figo na bandama.

Kwa binadamu, bakteria hupenya kupitia mchubuko au jeraha la mwiba wa samaki. Walio hatarini zaidi ni wavuvi, wauza samaki, wapishi na wanaosafisha matangi ya samaki wa mapambo. Ugonjwa hauambukizwi kutoka mtu mmoja hadi mwingine.

Kwa kawaida wiki 2 hadi 4 baada ya kujeruhiwa, hutokea kinundu chekundu kwenye kidole, mkono au kiwiko, ambacho huweza kugeuka kidonda. Vinundu vingine huweza kufuatana kupanda mkono. Bakteria huyo hustawi kwenye joto la nyuzi 30 hivi, na ndiyo sababu hushambulia ngozi ya viungo vya nje, ambayo haina joto kama ndani ya mwili. Hata hivyo, asipotibiwa mapema huweza kufika kwenye mishipa ya misuli, maungio na mifupa, hasa kwa wenye upungufu wa kinga.

Tatizo kubwa ni kuchelewa kutambuliwa. Maabara zikiotesha vimelea kwa nyuzi 37, kama ilivyo kawaida, huenda zisimwone. Kwa hiyo mgonjwa mwenye kidonda kisichopona anapaswa kumweleza daktari kuwa anashika samaki, ili vipimo vifanyike kwa joto linalofaa.

Ugonjwa hutibika. Dawa kama klarithromaisini, doksisaiklini, ethambutoli na rifampisini hutumiwa kwa miezi kadhaa, na huendelea mwezi 1 hadi 2 baada ya vidonda kufunga. Upasuaji huhitajika pale viungo vya ndani vinapoathirika.

Kinga yake ni nyepesi: kuvaa glavu wakati wa kupara samaki, kufunika michubuko kabla ya kazi, na kunawa kwa sabuni na maji safi mara baada ya kuchomwa na mwiba.