Fahamu: Mnyoo asiye na mdomo anayekula mifupa ya nyangumi

Ukisikia minyoo, pengine unafikiria ile ya tumboni, au ile inayotokea shambani baada ya mvua. Leo tunawaeleza wengine, wanaoishi gizani chini ya bahari baridi ya Antaktiki, kusini kabisa mwa dunia. Wanaitwa Osedax, jina la Kilatini lenye maana ya mla mifupa.

Jamii hii iligunduliwa mwaka 2002 kwenye mzoga wa nyangumi huko California, Marekani. Wale wa Antaktiki walitangazwa mwaka 2013. Watafiti walizamisha mifupa ya nyangumi pamoja na mbao, wakaviacha kwa miezi 14. Mifupa ilijaa minyoo. Mbao zilirudi nzima. Antaktiki haina miti kwa mamilioni ya miaka, kwa hiyo hata viumbe wanaotoboa mbao hawapo. Mafundi wa majahazi wa pwani yetu, wanaopaka vyombo shahamu kuzuia viumbe hao, wangefurahi kusikia hivyo. Ndiyo maana meli ya mbao Endurance, iliyozama huko mwaka 1915, ilikutwa mwaka 2022 ikiwa bado imara.

Mnyoo jike hana mdomo wala utumbo. Hutoa mizizi inayomwaga asidi ndani ya mfupa, na bakteria wanaoishi kwenye mizizi hiyo humsaidia kupata chakula.

Na dume yuko wapi? Hilo liliwashangaza hata wataalamu. Katika spishi nyingi za Osedax, dume ni mdogo mno, haonekani bila hadubini, na huishi ndani ya mrija wa jike. Jike mmoja anaweza kuwa na madume zaidi ya 100. Mayai huachiliwa majini, na watoto huchukuliwa na mkondo hadi wapate mfupa mwingine. Wasipoupata, hufa.

Alama za matoboo yao zimeonekana kwenye mifupa ya mijusi wa baharini ya miaka kama milioni 100 iliyopita. Kwa hiyo walikuwapo kabla ya nyangumi, wakabadilisha chakula mijusi hao walipotoweka.

Ila karne iliyopita wawindaji waliua nyangumi zaidi ya milioni 1 katika bahari za kusini. Wengi walivutwa melini, mifupa yao ikachemshwa kutoa mafuta. Mifupa hiyo haikufika chini kwa minyoo.