Ninga wa Pemba

Huku Nyambureti, katika wilaya ya Serengeti, mkuyu uivapo mtu aweza kusimama chini yake asione ndege hata mmoja, akasikia tu matunda yakidondoka na mluzi wa kukatikakatika juu majanini. Huyo ni ninga, njiwa wa rangi ya kijani. Asipotikisika, macho hayamtambui. Ni mara chache sana ashukapo chini kuokota kitu kama wafanyavyo njiwa wengine. Yeye huparamia matawi kama kasuku, na pengine huning'inia kichwa chini ili alifikie tunda lililo ncha ya tawi.

Mwanafunzi mmoja wa ualimu aliniuliza hivi: ikiwa ninga wa bara na ninga wa Pemba wote ni ninga, mbona wataalamu wamewapa majina mawili? Nilimjibu kwa kifupi siku ile, na jibu langu halikuniridhisha mwenyewe.

Wapemba wamemwona ndege huyu tangu zamani. Waliochelewa ni wataalamu. Mwaka 1940 ndipo Bwana R. H. W. Pakenham, aliyekuwa akitumikia serikali ya Waingereza huko Unguja, alipomwandika kuwa ni ndege wa namna yake peke yake, akamwita kwa Kilatini Treron pembaensis, yaani wa Pemba. Yeye ndiye aliyekwisha kumwandika bundi mdogo wa kisiwa hicho mwaka 1937. Ninga huyu ana mgongo wa kijani, lakini kichwa chake na kifua ni vya kijivu, ambapo ninga wetu wa bara ana kijani cha kuelekea manjano. Tofauti ni ndogo kwa mpita njia. Walakini haonekani popote duniani ila Pemba.

Sababu yake ni bahari. Kati ya Pemba na bara pana mkondo wenye kina cha mamia ya mita. Zamani sana, maji ya bahari yaliposhuka duniani kote, Unguja iliungana na bara, bali Pemba ilibaki kisiwa. Ndege waliokaa huko walizaliana wao kwa wao, kizazi baada ya kizazi, hata wakawa mbali na jamaa zao.

Waarabu walikiita kisiwa hicho Jazirat al-Khadra, maana yake kisiwa cha kijani, nacho kingali kijani hata leo. Lakini ni kijani gani? Katika karne ya 19 miti ya mwitu ilikatwa ili kupanda mikarafuu. Mwaka 1872 tufani kubwa iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na ile ya Pemba ikasalimika zaidi. Tangu hapo Pemba ikawa ndiyo ghala ya karafuu. Sasa tufikiri kidogo kwa akili ya ninga. Karafuu ni ua linalochumwa kabla halijafunguka, basi mkarafuu uliochumwa vema hauzai tunda. Shamba lililo fahari ya mwenyewe ni meza tupu kwa ndege alaye matunda. Simlaumu mkulima, kwani karafuu imelisha nyumba nyingi na kusomesha watoto. Nasema tu kilichotokea.

Ninga hakutoweka. Huonekana katika msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi ya kisiwa, na hata mashambani palipoachwa miti mikubwa yenye matunda. Lakini huhesabiwa miongoni mwa ndege walio hatarini. Katika bahari hii hii ya Hindi, kisiwani Mauritius, palikuwa na dodo, ndege mkubwa asiyeruka, naye ni wa jamaa ya njiwa. Waholanzi walimkuta mwaka 1598, na kabla ya miaka 100 kutimia, au karibu na hapo, alikwisha kabisa.

Hili ndilo nililopaswa kumwambia yule kijana. Mkuyu mmoja ukikatwa hapa Nyambureti, ninga wetu wataruka kuvuka mto waende kwenye mwingine, na wakikosa huko wana bara zima mbele yao. Tulipotoka darasani nilimwonyesha ninga watano juu ya mkuyu ulio nyuma ya shule. Alihesabu watatu, wawili hakuwaona mpaka waliporuka.