Ursula Nordstrom

Ursula Nordstrom (2 Februari 1910 – 11 Oktoba 1988) alikuwa mhariri wa vitabu vya watoto na vijana kutoka nchini Marekani.

Mwaka 1931 aliajiriwa na kampuni ya uchapishaji ya Harper & Brothers mjini New York. Aliongoza idara yake ya vitabu vya watoto tangu 1940 hadi 1973.

Alisoma miswada na kuwaandikia waandishi barua za ushauri na za kuwatia moyo. Alisimamia Charlotte's Web (1952), Harriet the Spy (1964) na riwaya ya John Donovan (1969) iliyogusia mapenzi ya jinsia moja kati ya wavulana.

Baadhi ya wakutubi walipomchorea nepi mtoto aliye uchi katika kitabu cha Maurice Sendak, In the Night Kitchen, Nordstrom aliwapinga hadharani.