Antena juu ya bati, na waya wa ardhi unaosahaulika

Huku Lugulu ninakoishi, kando ya barabara ya Webuye kwenda Kitale, mawingu hujikusanya upande wa Mlima Elgon tangu mchana, na alasiri radi huanza. Tangu Kenya ilipozima matangazo ya analogi mwaka 2015, nyumba nyingi zimesimamisha antena ya king'amuzi juu ya bomba la chuma. Nyingi nizionazo hazina waya wa ardhi. Nawaandikia ndugu zangu wa Pwani kwa sababu huko nako mambo ni hayo hayo.

Bomba lililofungwa kwenye mbao za paa halijagusa ardhi. Radi ikilipiga, njia iliyo wazi ni waya wa antena, na waya huo unaishia sebuleni.

Kanuni za kimataifa zinataka waya wa shaba wa milimita za mraba 16, si kile kiwaya chembamba cha taa. Ufungwe kwenye bomba kwa kibano, rangi na kutu zikwanguliwe kwanza, kisha uteremke nje ya nyumba kwa njia fupi na iliyonyooka. Usiukunje kona kali wala kuuzungusha mizunguko, maana radi huruka penye kona. Chini, fimbo ya ardhi izame mita 2.5. Udongo wa Lugulu unakubali nyundo. Kwenu penye mwamba wa matumbawe haikubali, basi laza nondo mbili za shaba au za mabati, kila moja mita 5, kwenye mtaro wa kina cha nusu mita, mita moja kutoka kwenye msingi. Viungo vikaguliwe kila mwaka, kwani chumvi ya bahari havihurumii.

Sasa hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea. Fimbo ya antena lazima iunganishwe na fimbo ya ardhi ya stima, ile iliyo karibu na mita, kwa waya mnene vile vile. Zikiachwa mbalimbali, radi ikipiga karibu, fimbo moja hupanda maelfu ya volti kuliko nyingine, na umeme huo husawazishana kwa kupita ndani ya king'amuzi na runinga. Mtu aliyeshika vyote viwili naye huwa daraja. Fimbo ya pili isiyounganishwa naiona mbaya kuliko watu wanavyodhani. Kazi ya upande wa mita mwachie fundi wa stima mwenye leseni.

Antena iliyo chini ya ukingo wa paa kwa zaidi ya mita 2, na isiyotokeza mita 1.5 kutoka ukutani, haihitaji yote haya. Penye mawimbi mazuri, hiyo ndiyo njia rahisi.

Na bomba lisimamishwe mbali na nyaya za stima, hata likianguka lisizifikie.

Waya wa ardhi haumaanishi runinga imepona. Mawingu yakianza kujaa, chomoa plagi na waya wa antena. Ukishasikia ngurumo, usiuguse tena mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.