Baba wa Nyumba katika Maasi ya Masisi, 1944

Jina la Kitawala limetajwa mara nyingi kanisani, na karibu kila mara kwa onyo. Leo tulitazame kwa utulivu, maana ndani yake mna jambo ambalo sisi makatekista tumechelewa kulifahamu: heshima ya mwanamume.

Katika vita vya pili vya dunia Wajapani waliiteka Malaya, na mpira wa huko ukakosekana. Mwaka 1942 Wabelgiji wakaongeza kazi ya lazima katika Kongo kutoka siku 60 hadi siku 120 kwa mwaka. Kwa babu zetu maana yake ilikuwa kwenda porini kutafuta mpira, na shamba kumwachia mke. Aliyekataa alifungwa, na gerezani palikuwa na fimbo, hata kwa mtu mwenye wajukuu.

Na misioni ilifundisha nini? Kwamba mume ni kichwa cha nyumba. Fundisho lenyewe hatulikani. Lakini ni kichwa gani hicho kisichokuwapo nyumbani miezi minne?

Hapo ndipo Kitawala ilipopata masikio. Ilitokana na Watch Tower, iliyohubiriwa Nyasaland na Elliot Kamwana mwaka 1908, ikafika Katanga. Serikali iliwahamisha wahubiri wake mbali, na hivyo ikaipanda mbegu kwa mkono wake yenyewe! Watu walisikia katika jina hilo neno «kutawala», wakaambiwa kwamba mbele ya Mungu mweusi na mweupe ni sawa.

Mwanzoni mwa 1944 Bushiri Lungundu, Mkumu, aliongoza maasi kati ya Masisi na Lubutu. Alijiita Mukombozi, jina ambalo sisi twampa Bwana wetu peke yake. Hilo hatuwezi kulikubali, wala damu iliyomwagika. Askari wa Force Publique waliyazima maasi kwa ukali, na watu wengi wakafa.

Nicole Eggers, aliyepata udaktari wa historia mwaka 2013 kwa utafiti juu ya Kitawala, ameonyesha kwamba kwa wafuasi wa Bushiri vita hivyo vilikuwa pia uganga: kuondoa uchawi na kuondoa udhalimu vilikuwa tiba moja. Sisi twaona kwamba baba aliyedhalilishwa mbele ya watoto wake alikuwa miongoni mwa wagonjwa hao, na hatukumpelekea dawa.

Maasi yalikwisha mwezi Mei 1944. Fimbo ilifutwa mwaka 1959, mwaka mmoja tu kabla ya uhuru.