Msimu wa NHL wa 2004–05

Msimu wa 2004–05 wa NHL, ligi ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, haukuwa na mechi hata moja, lakini uliibadili ligi kuliko misimu mingi iliyochezwa. Septemba 2004 wamiliki wa timu 30 waliwafungia wachezaji milango wakidai kikomo cha mishahara. Februari 16, 2005 kamishna Gary Bettman akaufuta msimu mzima. Julai wachezaji walisalimu amri: mishahara ya kila timu isizidi dola milioni 39 kwa msimu, na mishahara ya mikataba iliyokuwepo ikapunguzwa asilimia 24, kipigo kikubwa kweli. Wapo wanaosema ilikuwa kazi bure, kwani milango ilifungwa tena 2012. Sawa, ila safari hiyo waligombania zaidi mgawanyo wa mapato. Kikomo chenyewe kilibaki palepale.