Kimbilio Lisilo na Maji

Mwaka 1908 Rais Theodore Roosevelt wa Marekani alitenga kinamasi cha Lower Klamath, mpakani mwa Oregon na California, kiwe kimbilio la ndege wa majini. Lakini tangu 1905 serikali hiyohiyo ilikuwa imeanzisha mradi wa kukausha maziwa ya eneo hilo ili kupata mashamba. Mwaka 1917 tuta la reli lilizuia maji ya mto yasiingie. Ziwa likakauka, na udongo wake ukawaka moto. Miaka ya 1940 maji yaliyotoka mashambani yalianza kusukumwa kwa pampu kupitia handaki chini ya kilima, na ndege wakarudi. Sheria ya 1964 ilikataza kuwagawia walowezi ardhi ya hifadhi. Iliruhusu kuikodisha kwa kilimo, mradi ndege watangulizwe. Hata hivyo, ukame ukija, hifadhi hupewa maji mwishoni. Mwaka 2020 makumi ya maelfu ya ndege walikufa kwa ugonjwa uliozuka katika maji haba yenye joto.

Mkulima si adui. Naye ana watoto wa kulisha. Lakini anayetenga ardhi bila kuitengea maji ametenga jina tu.